Namna ya Kutenganisha Maneno ya Kiingereza Yanayochanganywa: Mwongozo Kamili kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Watu wengi wanaoniletea maandishi yao ya Kiingereza niyapitie wameshasoma orodha za maneno yanayochanganywa, na baadhi yao wamezinakili kwa mkono na kuzikariri. Hata hivyo, kosa lilelile hurudi kabla ya wiki kwisha. Tatizo si uvivu, wala si kumbukumbu dhaifu. Orodha humwambia msomaji kwamba maneno mawili ni tofauti, jambo ambalo tayari analijua, lakini haimwambii kwa nini yeye aliyachanganya. Maneno huchanganywa kwa sababu mbalimbali, na kila sababu ina tiba yake.

Mwongozo huu unaanzia kwenye sababu. Kisha unatumia chombo ambacho kila mzungumzaji wa Kiswahili anacho tayari, ila hajazoea kukitumia kwa kazi hii, nacho ni sarufi ya Kiswahili chenyewe.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari lenye kurasa nne ulizozitenga, kila ukurasa kwa sababu moja ya mkanganyiko. Sababu zenyewe zinaelezwa katika hatua ya 2.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye mifano ya sentensi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili haitoshi, kwa sababu mara nyingi hukupa tafsiri moja kwa maneno mawili, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia.
- Maandishi yako mwenyewe matatu hadi matano: barua, insha, ripoti au ujumbe mrefu.
- Kalamu ya rangi isiyofanana na wino wa maandishi yako.
- Simu au kifaa kingine cha kurekodi sauti.
- Dakika 20 kwa siku. Kukaa saa mbili mara moja kwa wiki hakuleti matokeo yaleyale, kwa kuwa jozi hizi huzoeleka kwa kurudiwarudiwa.

Jambo moja ulielewe mapema: usiitegemee programu ya kusahihisha tahajia. Programu ya kawaida hutafuta maneno yasiyokuwemo katika Kiingereza, ilhali neno lililowekwa mahali pa jingine ni neno halali kabisa. Soma kifungu hiki:

"Please borrow me your book. I will return it until Friday. Its very important for my course, and I do not want to loose this chance. My brother said me that you're copy is better then his."

Hakuna neno hata moja hapo lililoandikwa kwa tahajia isiyokuwepo, na bado kuna makosa saba. Kifungu hiki tutakitumia hadi mwisho.

## Hatua ya 1: Kusanya makosa yako, si ya watu wengine

Chukua maandishi yako na uyasome kwa sauti, polepole, huku ukipigia mstari kila neno lililokufanya usite hata kwa sekunde moja. Usilisahihishe bado. Kusita ni habari muhimu, kwa sababu huonyesha mahali ambapo akili ilichagua kwa kubahatisha hata kama ilibahatika kupata.

Baada ya hapo mpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri, au ulinganishe mwenyewe na mifano ya kamusi, ili upate yale makosa ambayo hukuyasitia. Haya ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa uliyaandika ukiwa na uhakika.

Hatua hii watu huiruka kwa kuwa haina mafunzo mapya. Nakusihi usiiruke. Jozi anazokosea mtu mmoja kwa kawaida ni chache kuliko anavyohofia, na ukishazijua hutalazimika kuzibeba mamia ya jozi ambazo hazijawahi kukusumbua.

Hatua imekamilika ukiwa na jozi zako kwenye karatasi, kila moja ikiwa ndani ya sentensi uliyoiandika wewe, si neno tupu.

## Hatua ya 2: Ipe kila jozi sababu yake

Sababu kuu ni nne, na kila moja ichukue ukurasa wake katika daftari.

Ukurasa wa kwanza ni wa maneno yanayotamkwa sawa, au karibu sawa, lakini yakaandikwa tofauti: "its" na "it's", "your" na "you're", "then" na "than". Ukurasa wa pili ni wa ndugu wa mzizi mmoja, yaani nomino na kitenzi chake, au vitenzi viwili vya ukoo mmoja: "advice" na "advise", "rise" na "raise". Ukurasa wa tatu ni wa maneno mawili ya Kiingereza yanayoangukia neno moja la Kiswahili: "borrow" na "lend", "by" na "until". Ukurasa wa nne ni wa maneno ambayo kwa Mwingereza yana sauti tofauti kabisa, lakini sikio lililolelewa kwa irabu tano huyasikia kama neno moja: "live" na "leave".

Ukitaka kujua jozi ni ya ukurasa gani, jiulize kosa lilitokea wapi. Ulijua neno unalotaka ila ukakosea kuliandika? Ni ukurasa wa kwanza. Uliliandika sawasawa, lakini neno lenyewe ndilo lisilofaa? Tazama wa pili na wa tatu. Hukujua kwamba kuna maneno mawili hadi ulipoyaona yameandikwa? Ni wa nne.

## Hatua ya 3: Maneno ya sauti moja, tazama kiambishi cha Kiswahili

Sikio halisaidii hapa, kwa hiyo tuliache. Badala yake tafsiri kipande hicho kwa Kiswahili, kisha uangalie umbo la tafsiri yako.

Kanuni ni hii: ikiwa Kiswahili kinakupa "ni", au kitenzi kinachoanza na kiambishi cha mtenda kama u-, i- au wa-, basi Kiingereza kinataka ritifaa, ile alama tunayoiandika katika ng'ombe. Ikiwa Kiswahili kinakupa neno linaloishia na -ako, -ake au -ao, ritifaa haitakiwi.

Jaribu na "You're late." Tafsiri ni "umechelewa", inaanza na u-, basi ritifaa ipo. "Your copy" ni "nakala yako", inaishia na -ako, basi ritifaa haipo. "They're coming" ni "wanakuja". "Their house" ni "nyumba yao". "It's important" ni "ni muhimu". "Its colour" ni "rangi yake". Hata "it's" inayosimama badala ya "it has" hupita katika kipimo hiki, kwani "It's stopped" hutafsirika "imesimama", na kiambishi i- kiko pale mwanzoni.

Sababu ya kosa la "its" ni ya kueleweka kabisa. Mwanafunzi amefundishwa kwamba umilikaji huonyeshwa kwa ritifaa na s, kama katika "the teacher's book", naye anaipeleka kanuni hiyo kwenye kiwakilishi. Lakini viwakilishi vya umilikaji havipokei ritifaa: "his", "hers", "its", "ours", "yours", "theirs" na "whose" zote huandikwa bila alama hiyo. Ritifaa katika maneno ya jozi hizi, kama "it's" na "you're", huonyesha kwamba herufi zimeangushwa, basi.

"Whose" na "who's" hufuata njia hiyohiyo. "Who's there?" ni "ni nani huko?" na "Whose pen is this?" ni "hii ni kalamu ya nani?" Tazama umilikaji, usilitazame neno "ni" lililo mbali nalo katika sentensi.

Jozi zilizobaki katika ukurasa huu zina tafsiri ambazo hazigongani, kwa hiyo zipite haraka. "Than" ni "kuliko", na "then" ni "kisha" au "wakati huo". "There" ni "pale", "huko" au "kuna". "Too" ni "mno" au "pia", "two" ni "mbili", na kwingine kote andika "to". "Whether" ni "iwapo", "weather" ni hali ya hewa.

"Passed" na "past" zinahitaji uangalifu kidogo. "Passed" ni kitenzi: alipita, alifaulu, amepitisha. Ikiwa sentensi tayari ina kitenzi kikuu kingine, basi neno ni "past", kama katika "She walked past the gate", ambamo kutembea ndiko tendo na "past" inaonyesha tu njia aliyopita.

Utajua umefaulu utakapoweza kueleza uchaguzi wako kwa neno moja la Kiswahili. Ukiulizwa kwa nini umeandika "your", ujibu "yako", na jibu liwe limetosha.

## Hatua ya 4: Nomino na kitenzi, tafuta ku- na ushike koo

Kwa ndugu wa mzizi mmoja, swali la kwanza ni hili: je, neno ninalolitaka lingeanza na ku- katika Kiswahili? Kushauri ni "advise", na ushauri ni "advice". Kuathiri ni "affect", athari ni "effect". Kuamini ni "believe", imani ni "belief". Kuthibitisha ni "prove", uthibitisho ni "proof". Kupumua ni "breathe", pumzi ni "breath".

Sasa weka vidole viwili kooni na utamke jozi hizo moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa "advise" utahisi mtetemo, na mwishoni mwa "advice" hutauhisi. Ndivyo ilivyo kwa "believe" dhidi ya "belief", na kwa "prove" dhidi ya "proof". Katika jozi hizi kitenzi huishia na konsonanti ghuna, yaani inayotetemesha koo, na nomino huishia na konsonanti isiyo ghuna. Sisi tuna bahati, kwa sababu Kiswahili hutofautisha sauti hizohizo: s ya "sasa" na z ya "zawadi", f ya "faida" na v ya "vita", th ya "thamani" na dh ya "dhahabu". "Breath" huishia na sauti ya thamani, na "breathe" huishia na sauti ya dhahabu. Anayeyatamka maneno haya sawasawa hupata shida ndogo sana ya kuyaandika.

"Affect" na "effect" haziko ndani ya mpangilio huo wa sauti, kwa hiyo zipime kwa ku- peke yake. Kiingereza kina pia "effect" ya kitenzi, yenye maana ya kulifanya jambo litimie, na "affect" ya nomino inayotumika katika saikolojia. Ziache kando mpaka utakapokuwa hukosei matumizi ya kawaida, kwani anayejifunza kanuni na vighairi vyake siku moja huishia kuvishika vyote nusunusu.

Kuna onyo jingine linalohusu nchi. Katika tahajia ya Uingereza, "practice" na "licence" zenye c ni nomino, na "practise" na "license" zenye s ni vitenzi. Marekani huandika "practice" na "license" kwa matumizi yote mawili. Chagua tahajia moja na udumu nayo ndani ya andiko zima. "Advice" na "advise" hazibadiliki kwa mipaka ya nchi.

## Hatua ya 5: Vitenzi vya ukoo mmoja, fuata kauli

Hapa Kiswahili ni mwalimu bora kuliko kitabu chochote cha sarufi ya Kiingereza nilichowahi kukitumia. Kiswahili huonyesha wazi, kwa kauli, yaani umbo ambalo kitenzi hulipata kinaponyambuliwa, kama mtu anatenda mwenyewe au anamfanya mwingine atende. Kiingereza mara nyingi huficha tofauti hiyo ndani ya maneno mawili yanayofanana.

Kupanda ni "rise", na kupandisha ni "raise". Kulala, kwa maana ya kujinyoosha, ni "lie", na kulaza ni "lay". Kukumbuka ni "remember", na kukumbusha ni "remind". Kujifunza ni "learn", na kufunza ni "teach". Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jiulize kama Kiswahili kingetumia umbo la kutenda au la kutendesha. "Prices rose" maana yake bei zilipanda zenyewe. "They raised the prices" maana yake kuna watu waliozipandisha. Baada ya "raise", "lay" na "remind", lazima atajwe yule au kile kinachotendewa. Sentensi ikiishia hapo bila kukitaja, umekosea neno.

Mtego mkubwa uko kwenye wakati uliopita wa "lie", ambao ni "lay". Kwa hiyo "Yesterday he lay on the floor" ni sahihi na maana yake ni kwamba alilala sakafuni, ilhali alilaza kitu ni "he laid". Andika mistari miwili hii mahali utakapoiona kila siku: "lie, lay, lain" na "lay, laid, laid". Hakuna njia ya mkato kwa jozi hii.

Kauli ya kutendea nayo ina kazi yake. Kuiba ni "steal" na hufuatwa na kitu kilichoibwa. Kumwibia mtu ni "rob" na hufuatwa na mtu. Anayeandika "He stole me" akitaka kusema "aliniibia" ameandika kwamba mwizi alimchukua yeye mwenyewe. Vivyo hivyo, kusema ni "say" na kumwambia mtu ni "tell". "Ambia" haisimami bila mtu, na "tell" yenye maana hiyo haisimami bila mtu. Anayeandika "He said me" ameisahau "aliniambia" aliyokuwa nayo kichwani; kile kiambishi -ni- ndicho kinachoita "told".

Mwisho wa kundi hili ni jozi kama "boring" na "bored". Kinachochosha ni "boring", na aliyechoshwa ni "bored". Sentensi "I am boring" inamwambia msomaji kwamba wewe ndiwe unayewachosha watu.

Ukiona umeanza kuisikia kauli ya Kiswahili kabla hujachagua kitenzi cha Kiingereza, hatua hii imekukaa.

## Hatua ya 6: Neno moja la Kiswahili, mawili ya Kiingereza

Huu ndio ukurasa utakaokuwa mrefu kuliko mingine, na ndio unaosahauliwa na vitabu vingi, kwa sababu vimeandikwa kwa wasomaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kiingereza. Mwingereza hachanganyi "borrow" na "lend". Sisi tunazichanganya kwa sababu halali kabisa: "azima" hufanya kazi zote mbili. Tunasema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu kwake", na kiambishi ndicho kinachoonyesha kalamu inakwenda upande gani.

Kipimo ni kubadilisha neno la Kiswahili kwanza. Weka "kopa" au "kopesha" mahali pa "azima", hata kama si suala la fedha. Niazime ni nikopeshe, basi ni "lend". Nimeazima ni nimekopa, basi ni "borrow". Kwa kila neno la ukurasa huu tafuta namna ya pili ya kulisema kwa Kiswahili, namna isiyo na utata, na utaona neno la Kiingereza linajitokeza.

"Mpaka" ni mfano mwingine wenye madhara makubwa, kwa kuwa unahusu tarehe na ahadi. Jambo likiendelea wakati wote hadi siku hiyo, ni "until": ofisi itakuwa wazi mpaka Ijumaa. Jambo likitendeka mara moja, wakati wowote kabla siku hiyo haijapita, ni "by": fomu ziwe zimerudishwa kufikia Ijumaa. Jaribu kutia maneno "muda wote" ndani ya sentensi. Yakikaa vizuri, andika "until"; yakikataa, andika "by". "Nitakirudisha muda wote mpaka Ijumaa" haina maana, kwa hiyo kifungu chetu cha mwanzo kinataka "by Friday".

"Sana" huzaa kosa linalobadilisha hisia za andiko zima. "Very" huongeza kiwango tu, lakini "too" humaanisha kwamba kiwango kimepita kinachofaa na kimeleta kizuizi. "The box is too heavy" inamaanisha sanduku ni zito mno, pengine halinyanyuki. Nimewahi kusoma barua ya shukrani ambamo mwandishi alisema "I am too happy", akidhani ameonyesha furaha isiyo na kifani, na msomaji asiyejua Kiswahili akabaki anatafuta tatizo lilipo. Ukiweza kuongeza "kiasi kwamba haiwezekani", andika "too". Vinginevyo andika "very".

"Shinda" hutenganishwa na kile kinachoshindwa. Ukiwashinda watu ni "beat", na ukishinda mchezo, zawadi au uchaguzi ni "win". "We won them" si Kiingereza, isipokuwa wao ndio waliokuwa zawadi.

Kisha kuna mwili. Mkono ni "hand" kuanzia kiganja hadi vidole, na ni "arm" kutoka begani kushuka. Mguu ni "foot" chini ya kifundo, na ni "leg" kwa sehemu iliyobaki. Kidole ni "finger" mkononi na "toe" mguuni. Inaonekana jambo dogo, lakini anayemweleza daktari kwa Kiingereza kwamba ameumia "hand" ilhali maumivu yako juu ya kiwiko anamwelekeza mahali pasipo na jeraha.

Zinazobaki ni nyepesi. "Nyumba" ikiwa ni jengo ni "house", na "nyumbani" ni "home". "Saa" ya ukutani ni "clock", ya mkononi ni "watch", na muda wa dakika 60 ni "hour".

## Hatua ya 7: Fundisha sikio lako

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina sauti za irabu zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo "hat", "hut" na "heart" huweza kutua mahali pamoja katika sikio letu. "Ship" na "sheep", "live" na "leave", "full" na "fool", "walk" na "work" hupatwa na jambo hilohilo. Wapo pia ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi r na l, nao huchanganya "play" na "pray", au "collect" na "correct".

Anza kwa kusikiliza, kwa sababu mdomo hauwezi kutofautisha kile ambacho sikio halijakitofautisha. Tumia kamusi ya mtandaoni yenye matamshi, sikiliza "live" na "leave" kwa zamu mara kumi, na uzingatie kwamba irabu ya "leave" ni ndefu na midomo hutanuka, ilhali ya "live" ni fupi na imelegea. Kisha jirekodi ukisema moja ya maneno hayo, na baada ya siku moja sikiliza bila kukumbuka ulisema lipi.

"Lose" na "loose" ziweke hapa. Irabu yao ni ileile, na tofauti iko mwishoni: "lose" huishia na z, "loose" huishia na s. Kupoteza ni "lose", yenye o moja. Kilicholegea ni "loose".

Umefaulu pale mtu mwingine atakapoandika neno sahihi kila unapolitamka, bila sentensi ya kumsaidia kukisia.

## Hatua ya 8: Jozi zisizo na kipimo

Zipo jozi ambazo hakuna sarufi itakayozitenganisha, na hapo unahitaji kishikizo cha kumbukumbu. Kitengeneze kwa Kiswahili, kwa sababu vishikizo vya Kiingereza hukutaka ukumbuke neno jingine la Kiingereza ambalo nalo huenda huna uhakika nalo.

"Stationary" ni kilichokaa mahali pamoja, na a yake ni ya "kukaa". "Stationery" ni vifaa vya kuandikia, na e yake ni ya "penseli". "Compliment" ni sifa, na "sifa" ina i. "Complement" ni kikamilishi. "Principal" ni mkuu, na -al yake imo ndani ya "mtawala". "Principle" ni kanuni. "Quiet" ina silabi mbili na maana yake ni kimya, na "quite" ina silabi moja.

Usitengeneze vishikizo vingi kwa siku moja. Vitatu vinatosha, kwani vikizidi huanza kugombana vyenyewe kwa vyenyewe.

## Hatua ya 9: Hariri kwa ukurasa mmoja kwa wakati

Unapoandika rasimu, usijikatize. Andika mpaka mwisho, kisha urudi na usome mara nne, kila mara ukitafuta makosa ya ukurasa mmoja tu wa daftari lako. Jicho linalotafuta kila kitu kwa pamoja huzama katika maana ya habari na kuyapita makosa.

Tukirudi kwenye kifungu chetu, usomaji wa kwanza unakamata "Its" kwa kipimo cha "ni", "you're" kwa kipimo cha "-ako", na "then" kwa "kuliko". Wa pili unakamata "said me" kwa "aliniambia". Wa tatu unakamata "borrow" kwa "nikopeshe" na "until" kwa "muda wote". Wa nne unakamata "loose". Matokeo ni haya:

"Please lend me your book. I will return it by Friday. It's very important for my course, and I do not want to lose this chance. My brother told me that your copy is better than his."

Jozi itakayopita maandishi yako matano mfululizo bila kosa, ipigie mstari wa kuifuta na uiondoe katika usomaji wako wa kuhariri. Ikirudi baadaye, usiikariri upya. Angalia kwanza kama uliiandika katika ukurasa unaoistahili, kwa sababu jozi nyingi zinazorudi ni zile zilizopewa sababu isiyo yake, kisha zikapimwa kwa kipimo kisicho chake.